Mgeni Aliyeshiba

Liko jambo ambalo sisi wanaume wa Misima hatulizungumzi barazani, nami nisingelisema kama lisingenisumbua kwa miaka mingi. Ni ile saa inayofuata tendo la ndoa, haja ikiwa imekwisha. Je, wajibu wa mume nao umekwisha?

Mimi nilidhani umekwisha. Nilikuwa nikigeukia ukutani na kulala. Kisingizio nilikuwa nacho: nimelima mahindi tangu alfajiri. Usiku mmoja mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mume wangu, hata mgeni akishiba huaga." Nilijifanya nimelala, lakini usingizi ulinipaa. Nilikumbuka kwamba naye alilima shamba lile lile.

Yeye alifundwa. Somo humfundisha mwari kumfuta mumewe kwa kitambaa safi, na kumtuliza. Mimi jandoni nilifundishwa kuvumilia maumivu na kuheshimu wakubwa. Habari ya baada ya tendo sikuisikia. Hata hivyo, kutofundishwa si udhuru wa kudumu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya kwamba mume akitimiza haja yake amsubiri mkewe naye atimize yake. Basi tangu zamani ilijulikana kuwa haja ya mmoja si mwisho wa jambo.

Kabla ya tendo, maneno matamu husemwa na tamaa, na hata mwongo huyajua. Baadaye tamaa hunyamaza, na mkono unaobaki begani hauombi kitu. Hapo ndipo mtu hujua kama alipendwa yeye au ulitakiwa mwili wake tu.

Wengine watasema kwamba upole wa wajibu si upendo. Lakini salamu nazo tulifundishwa kwa kukaripiwa, na leo tunasalimiana kwa moyo.

Nilianza kwa haya, kama mtoto anayejifunza kusalimu. Siku hizi nachelewa kidogo kulala. Tunazungumza habari za watoto, za mvua, na za deni la dukani. Nimesikia gizani hofu zake ambazo mchana hakuwahi kunitajia. Yalikuwapo siku zote, nyuma ya mgongo wangu. Ile miaka niliyomgeuzia ukuta siwezi kumrudishia. Naweza tu kutomwongezea mingine.