Upanga Usiokata

Upanga wa Kijapani wa mapambo umetengenezwa ili utazamwe. Bapa lake ni la chuma kisichoshika kutu, limepinda kidogo kwa mfano wa katana, upanga mrefu wa samurai, limeng'arishwa mpaka linaonyesha uso wa mtu, ila halikutiwa makali. Aghalabu huuzwa kwa seti ya panga tatu, mrefu, wa kati na mfupi, pamoja na stendi ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi. Nyingi hutoka viwanda vya China, nchi yenye mji wa Longquan, mkoani Zhejiang, unaosifika kwa panga tangu enzi za kale. Bei yake haifikii hata robo ya bei ya upanga uliofuliwa kwa mkono Japani, na ndiyo maana mwalimu au mwenye duka wa Chwele, katika kaunti ya Bungoma, anaweza kuuagiza na kuupamba sebuleni bila kuuza ng'ombe.

Hapo ndipo swali linapoanza. Kitu chenye umbo la silaha, lakini kisichoweza kazi ya silaha, ni kitu gani? Na anayekiweka ukutani anaheshimu nini hasa? Swali linaonekana dogo kwa sababu bei ni ndogo, lakini linagusa jambo lililowashughulisha wanafalsafa na watu wa dini kwa karne nyingi, nalo ni uhusiano wa sura ya kitu na ukweli wake.

Aristotle, katika kitabu chake kuhusu roho, alitumia mfano wa shoka. Kukata ndiko kunakolifanya shoka liwe shoka. Likiondolewa uwezo huo linabaki shoka kwa jina tu, kama jicho la sanamu ya jiwe lisivyo jicho. Kwa kipimo hicho upanga wa mapambo si upanga, ni sanamu ya upanga. Hukumu hiyo ina nguvu, na mnunuzi yeyote angefaidika kuianzia. Hata hivyo haitoshi, kwa kuwa zipo panga za kweli ambazo hazikati wala hazikusudiwi kukata, na hakuna anayethubutu kuziita bandia.

Mfano mkubwa uko Japani kwenyewe. Upanga uitwao Kusanagi, mmoja wa hazina tatu za ufalme wa nchi hiyo, kwa mapokeo ya huko umehifadhiwa katika hekalu la Atsuta mjini Nagoya. Hauonyeshwi kwa umma. Upanga mtakatifu kuliko zote, basi, ndio usioonekana, ilhali ule wa bei rahisi hauna kazi nyingine isipokuwa kuonekana. Nao wahunzi wa panga wa Kijapani, kwa desturi, huifanya kazi yao kama ibada. Karakana huzungushiwa kamba ya majani ya mpunga kuonyesha kwamba mahali hapo pametakaswa, na mhunzi huvaa nguo nyeupe. Chuma chenyewe hupatikana kwa kuyeyusha mchanga wa chuma kwa makaa katika tanuri la udongo, kisha hukunjwa na kufuliwa tena na tena, na mwishowe bapa hupakwa udongo kabla ya kutumbukizwa majini, ili makali yawe magumu na mgongo ubaki laini. Ule mstari wa mawimbi unaopendeza kando ya makali hutokana na udongo huo. Kwenye upanga wa mapambo mstari huo huchorwa kwa asidi au kwa brashi ya waya.

Lakini tofauti kubwa kuliko zote imefichwa ndani ya kipini. Kipini cha katana halisi kikifunguliwa, chuma kilekile cha bapa huonekana kikiendelea hadi ndani, kipana na kinene, kimetobolewa tundu la kigingi cha mianzi kinachokishikilia. Hapo, mahali pasipoonwa na mtu kwa kawaida, mhunzi huchonga jina lake. Kipini cha upanga wa mapambo kikifunguliwa, bapa linaishia mlangoni. Kilichoingia ndani ni chuma chembamba kilichochomelewa, chenye nati mwishoni. Penye jina pana nati. Jambo hili lina matokeo ya kimwili, kwa sababu upanga wa namna hiyo ukipungwa hewani kwa nguvu unaweza kuvunjika pale palipochomelewa na bapa likamrukia aliye karibu. Lina pia maana kwa swali lenyewe. Aliyechonga jina lake amekubali kuulizwa juu ya kazi yake, hata baada ya kufa. Wa mapambo hauna wa kuulizwa.

Wajapani wenyewe wameweka tofauti hiyo katika sheria. Mwaka 1876 serikali ilipiga marufuku raia kutembea na panga kiunoni. Chini ya sheria ya silaha ya mwaka 1958, upanga uliotengenezwa kwa njia ya jadi unaweza kusajiliwa na kumilikiwa kama kazi ya sanaa, lakini zile za kijeshi zilizotolewa kwa mashine wakati wa Vita vya Pili vya Dunia haziwezi. Zote mbili zinakata. Sheria haikuuliza kipi kinakata. Iliuliza kipi kina mkono wa mtu ndani yake.

Swali hilohilo, likiulizwa Bungoma, lina majibu ya zamani zaidi ya duka lolote. Kwa Wabukusu wa huko, kifaa chenye makali kinachoheshimiwa kuliko vyote ni lukembe, kisu cha tohara. Kila Agosti ya mwaka shufwa vijana huzunguka kwa jamaa zao wakipiga chinyimba, njuga za chuma zilizofuliwa na mhunzi, na asubuhi ya siku yenyewe hupakwa tope mtoni kisha husimama wima mbele ya omukhebi, yaani ngariba, bila kutikisika. Kisu hicho hakina nakshi, na mgeni akikiona kimewekwa juu ya meza hatakitazama mara mbili. Uzito wake unatokana na aliyekishika. Si kila mtu anaweza kuwa omukhebi. Wito huo hushuka kwa ukoo, na huaminiwa kuwa wahenga ndio wanaomchagua. Mapokeo yanairudisha desturi hii kwa Mango, aliyeliua joka lililowasumbua watu na kulikata kichwa, na ndipo akatahiriwa. Leo wengi hutahiriwa hospitalini, na hata kijijini kisu kimoja kwa vijana wengi kimeachwa kwa hofu ya magonjwa, lakini nafasi ya omukhebi haijachukuliwa na kisu kilichonunuliwa. Kisu kinaweza kubadilishwa, wito haubadilishwi.

Silaha za vita nazo zina kumbukumbu yake. Mwaka 1895 Charles Hobley aliongoza kikosi cha Waingereza pamoja na washirika wao dhidi ya ngome za Wabukusu, Lumboka na kisha Chetambe karibu na Webuye, na mikuki ikakabiliana na bunduki. Nusu karne baadaye upanga wa Kijapani ulikutana na watu wa eneo hili ana kwa ana. Vijana wa North Kavirondo, wilaya iliyojumuisha Bungoma ya leo, walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa na jeshi la King's African Rifles, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, ikapita bonde la Kabaw katika mvua na malaria, ikafika Kalewa na mto Chindwin mwezi Desemba. Maofisa wa Kijapani waliokabiliana nao walivaa panga kiunoni. Kwa askari aliyerudi nyumbani kutoka huko, umbo lile lililopinda halikuwa pambo hata kidogo. Mjukuu wake akiliweka juu ya kabati bila kujua hayo, hakuna sheria aliyoivunja, ila amekosa habari ambayo ingefaa awe nayo.

Panga zisizokata zipo pia katika dini na serikali. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ni sunna khatibu ashike upanga, upinde au fimbo anapotoa hotuba ya Ijumaa. Fimbo inakubalika sawa na upanga, maana yake makali si sharti. Nchini Kenya, rais anayeondoka humkabidhi anayeingia upanga pamoja na Katiba. Ndivyo ilivyofanyika Kasarani tarehe 13 Septemba 2022. Hakuna aliyeuliza kama upanga ule umenolewa. Kinachoufanya uwe wa kweli ni kiapo kilichosemwa muda mfupi kabla yake, na taifa zima linalosikiliza. Hapa kipimo cha Aristotle kinahitaji kupanuliwa. Kazi ya upanga si kukata peke yake. Kazi nyingine ni kubeba dhamana mbele ya watu, na upanga butu unaweza kuifanya vizuri kabisa. Kinachokosekana kwenye upanga wa sebuleni si makali, ni dhamana.

Yapo pia mapingamizi ya dini, na hayapaswi kupuuzwa. Kanisa la Marafiki, lililofika Kaimosi mwaka 1902 na kuenea hadi Lugulu na sehemu nyingi za Bungoma, limefundisha tangu karne ya 17 huko Uingereza kwamba mfuasi wa Kristo hapigani kwa silaha za mwili. Kwa Rafiki mwenye msimamo, hata picha ya silaha inayotundikwa kwa heshima ni fundisho kwa watoto, na fundisho baya. Katika kaunti hii hoja hiyo haielei hewani. Kati ya mwaka 2006 na 2008 mgogoro wa ardhi wa Mlima Elgon uliua mamia ya watu, wengine wakakatwa masikio, na maelfu wakateremka kutafuta hifadhi Bungoma na Trans Nzoia. Kwa mtu aliyepitia hayo, bapa linalometa ukutani halitazamwi kama picha ya maua. Mwenye nyumba anayepokea wageni wa kila namna ana wajibu wa kulifikiria hilo, na wajibu huo ni mzito kuliko mapenzi yake kwa filamu za samurai.

Upande wa pili, manabii Isaya na Mika waliona siku ambayo panga zitafuliwa kuwa majembe, na wapo waliojaribu kulitimiza hilo kwa mikono. Msumbiji, kuanzia mwaka 1995, Baraza la Kikristo liliwapa watu vyerehani, baiskeli na zana za shamba kwa kubadilishana na bunduki, na wasanii wakageuza vyuma vyake kuwa sanamu. Japani ina kisa kinachofanana na hicho, ingawa nia yake si safi. Mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi alikusanya panga za wakulima akiwaahidi kwamba zitakuwa misumari ya ujenzi wa sanamu kubwa ya Buddha mjini Kyoto, na kwamba watabarikiwa maisha haya na yajayo. Alichokitaka ni wakulima wasio na silaha. Sanamu hiyo iliharibiwa na tetemeko la ardhi mwaka 1596. Ikilinganishwa na habari hizo, seti ya sebuleni haina hata historia ya kutubu; haikuwahi kuwa silaha ili igeuzwe kuwa amani.

Basi kununua upanga wa mapambo si dhambi na si udanganyifu, mradi uitwe sanamu. Kosa huingia pale mwenyewe anapowaambia wageni kwamba ni katana ya kweli, muuzaji anapouuza hivyo, au kijana anapoubeba barabarani ambako sheria inaweza kumhesabu mwenye silaha. Uwekwe juu, mbali na watoto, usipungwe kamwe. Anayetaka chuma chenye mkono wa mtu ndani yake hana haja ya kufika Japani. Wapo mafundi wa jua kali wanaofua visu na panga kutoka springi za malori kuukuu, na fundi huyo anaweza kuulizwa juu ya kazi yake, ana kwa ana, wiki ijayo. Na kabla ya kuagiza silaha ya watu wa mbali, mwenye nyumba wa Chwele aulize kwanza kama mkuki au chinyimba za babu bado zimo darini, azifute kutu, na aandike kando yake jina la aliyezishika wakati wazee wanaomkumbuka wangalipo.