Ilifyatuka, au Ilifyatuliwa?

Kiswahili kina huruma na watoto. Glasi ikianguka jikoni, mtoto atakwambia "imevunjika." Si "nimeivunja." Kitenzi kimegeuzwa kidogo tu, na mwenye kosa ametoka kwenye sentensi.

Jikoni, hiyo ni sawa. Lakini skiza taarifa za habari hapa Kenya. Askari akimpiga mtu risasi, mara nyingi utaambiwa bunduki "ilifyatuka kwa bahati mbaya." Nani aliishika? Kidole kilikuwa wapi? Kitenzi kishafunga mlango.

Tusikimbilie kuhukumu, ingawa. Bastola kweli huwa na kasoro. Mwaka 2017 jeshi la Marekani lilichagua SIG Sauer P320, na mwaka huohuo majaribio yakaonyesha kwamba ikidondoka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka bila kidole cha mtu. Kampuni ikajitolea kuzirekebisha. Mwaka 2024, mahakamani Georgia na Philadelphia, watu waliosema bastola hiyo iliwafyatukia wakapewa fidia. Kampuni inakana hadi leo.

Halafu Julai 2025 mwanajeshi wa anga akauawa kwa risasi katika kambi moja Wyoming. Lawama zikaiendea bastola ya M18, ndugu wa hiyohiyo P320, na kitengo chake kikasimamisha matumizi yake. Mwezi uliofuata, mwanajeshi mwingine alikamatwa, tuhuma mojawapo ikiwa kutoa taarifa ya uongo. Bastola zikarudishwa kazini.

Unaona shida? Silaha yenye sifa mbaya ni maficho mazuri sana. Mtengenezaji anasema ni mtu. Mtu anasema ni chuma. Na aliyekufa hana wa kumuuliza. Ukaguzi ukikosekana, hakuna anayeweza kupatikana na hatia, lakini pia hakuna anayeweza kusafishwa jina.

Ajabu ni kwamba sisi wa Kericho na Bomet tunajua kabisa ukaguzi ni nini. Tunaufanyia majani. Majani mawili na chipukizi, basi. Kwenye kituo cha kununulia, karani anapekua mzigo. Ukileta majani makavu ya chini, unarudi nayo nyumbani. Kila mkulima ana namba yake. Kiwandani, iwe Litein au Kapkoros, yanaangaliwa tena, kisha chai inaonjwa kabla ya kuuzwa mnadani Mombasa. Ikiwa mbovu, hakuna anayekubali jibu la "iliharibika tu." Wanauliza: ilichumwa vipi? Ilikaa juani muda gani? Nani alikuwa kwenye mashine?

Na hiyo ni chai, jameni. Ikiharibika sana, unaimwaga.

Bunduki nayo ingestahili angalau maswali ya gunia la majani. Ilikaguliwa lini mara ya mwisho? Imewahi kudondoka? Nani aliichukua asubuhi, na alirudisha risasi ngapi? Maswali haya hayamwonei askari. Yule mwaminifu, aliyepewa chuma kibovu, ndiye anayeyahitaji kuliko wote, maana bila majibu yake atafanana na mwongo milele.

Kwa hivyo sina ugomvi na neno "ilifyatuka." Linaweza kuwa kweli. Nataka tu liwe la mwisho kusemwa, baada ya kufungua bunduki na kuangalia ndani. Likisemwa la kwanza, mwili ukiwa bado barabarani, hilo ni ombi tu la kutoulizwa.