Mabiye, Karto na Haki

Mutu anaweza kushinda bila kuiba, na hata hivyo akawa amekosa? Muchezo mumoja wa utoto ulitufundisha jibu.

Tulipokuwa wadogo tulicheza mabiye juu ya meza. Mumoja alikata milango mitano katika karto ya viatu, akaandika namba juu ya kila mulango: ule mupana 1, ule mwembamba kabisa 5. Wengine walisukuma mabiye kutoka upande mwingine wa meza. Biye ikipita, mwenye karto analipa mabiye kwa hesabu ya ule mulango. Ikigonga ukuta, inakuwa yake. Wafaransa wa zamani walikuwa na muchezo wa namna hii, trou-madame.

Siku moja mwenye karto alijaza mifuko yote miwili, na mudogo mumoja akabaki mikono mitupu, analia. Tukamwambia: «Shauri yako, ulikubali mwenyewe!» Kweli alikubali. Lakini milango ilikatwa na mwingine, na aliyeikata alijua kipimo cha biye.

Mama mumoja alisikia, akasema: «Basi kesho karto ashike huyu anayelia.» Mwenye karto akakataa kabisa.

Ile «hapana» yake ilitosha. Ujuzi wa mukono tunausifu, na kushindwa si aibu. Lakini sheria ambayo mwenye kuitunga anaogopa kukaa upande wake wa pili, ile si sheria, ni mutego.

Sisi wakubwa nasi, tukiandika mapatano ya nyumba ao ya shamba, tujiulize kwanza: karto ikigeuzwa, tutakubali kucheza?