Sadaka Isiyosomwa Daftarini

Katika vikundi vyetu vya mtaani, hisani huanzia kwenye daftari. Mweka hazina hukohoa kidogo, kisha majina husomwa na fedha zake: fulani elfu hamsini, fulani elfu ishirini, fulani ameahidi. Aliyeahidi mara kwa mara huanza kukosa vikao. Moyo anao. Kinachomshinda ni kukaa pale akisubiri jina lake lifikiwe.

Ndiyo maana nimefurahi kuona kikundi chetu hapa Tanga kikiacha kununua katoni za sabuni za kupeleka wodi ya wazazi, na kuanza kuzitengeneza chenyewe. Kwa hesabu ya dukani, uamuzi huo ni wa hasara. Kiwanda kinanunua mafuta kwa matangi, sisi kwa madumu, na mwenzetu mmoja mwenye kichwa cha biashara alituonyesha kwa kalamu kwamba mche wa dukani ungetugharimu kidogo zaidi. Hakuna aliyembishia.

Lakini siku ya kazi walikuja watu ambao daftari lilikuwa limeshawafukuza. Mwenye minazi miwili nyuma ya nyumba alileta nazi. Bibi ambaye hajawahi kuchanga zaidi ya nauli yake alikaa juu ya mbuzi akakuna kuliko wote, huku akiwasema mabinti wanaokuna mpaka kifuu. Tui likachujwa, likachemshwa polepole mpaka mafuta yakajitenga, na chicha wakachukua wafuga kuku. Mafuta hayakutosha, ikabidi tuongeze ya alizeti.

Hapo ndipo ubingwa ukahamia kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayeshinda kijiweni. Alikuja na mizani ya jikoni, akakataza kabisa kupima kwa kikombe. Kilo moja ya mafuta ya nazi inataka takribani gramu 180 za kostiki, dawa inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Ya alizeti inataka kama 135 tu. Ukitumia kipimo cha nazi kwenye alizeti, umetengeneza kitu cha kuchubua mikono ya watu. Akaondoa pia sufuria zetu za alumini, maana kostiki huzila, akaleta ndoo za plastiki ngumu. Kostiki akaimimina kidogo kidogo kwenye maji, kamwe si maji juu ya kostiki, kwa sababu mchanganyiko huo huchemka wenyewe bila moto na unaweza kumrukia mtu usoni. Watoto walifukuzwa uani. Wazee waliomzoea kama mtu wa kutumwa sigara walimsikiliza kimya, wamevaa glavu.

Sabuni ikagandia kwenye vibao, ikakatwa, ikapangwa kivulini. Ijumaa iliyofuata mwenyekiti akataka zigawiwe.

“Mama, bado,” kijana akamwambia. “Ziache wiki nne, hata sita.”

“Mwanangu, wagonjwa wanasubiri.”

“Wasubiri sabuni iliyokauka, Mama. Hii mbichi bado kali, na ikilowa itaisha siku mbili.”

Alishinda yeye. Nimeona misaada mingi iliyoharakishwa kwa ajili ya picha, na sikumbuki hata mmoja uliocheleweshwa kwa kumwonea huruma anayeupokea.

Mjamzito anayekwenda kujifungua hutakiwa kufika na vifaa vyake: khanga, beseni, sabuni na vinginevyo. Wapo wanaofika na khanga waliyovaa tu, na jirani wa kitanda ndiye anayewakatia kipande. Tulipozipeleka sabuni, tulimkabidhi muuguzi wa zamu na kumweleza kwamba ni za kunawia na kufulia, si za kumwogeshea mtoto mchanga, kwani sabuni ya nazi hukausha ngozi.

Umebaki ubishi mmoja. Wengine wanataka kila kipande kigongwe muhuri wenye jina la kikundi, ili tujulikane. Mimi nimesema kama ni kuandika, basi kwenye karatasi ya kufungia tuandike mafuta yaliyotumika na tarehe ya kutengenezwa, vitu vyenye faida kwa anayenawa. Jina letu halitoi povu. Mwenyekiti amenijibu kwamba wachangaji wa fedha hawatapenda, na kikao cha kuamua ni mwezi ujao. Safari hii, nasikia, yule bibi wa mbuzi atakuja.