Kuuza Mlango, Kuona Milango

Safari ninayo daftarini: Lamu kwanza, halafu Maskati, nimalizie Gujarat, nikaone milango ya nakshi na mafundi wake. Kilichobaki ni nauli. Na nauli yenyewe, kwa bahati mbaya, imesimama mbele ya nyumba yetu Malindi: mlango wa bibi. Mnunuzi wa vitu vya kale kautazama mfaa, kahesabu misumari ya shaba, kataja bei.

Jamani, ni haki kuuza mlango ili ukaone milango? Mnunuzi kanambia msaji huo ulikuja kwa jahazi kutoka Bara Hindi, basi na urudi baharini, kosa liko wapi? Hoja tamu, nusura niimeze. Lakini mbao zilikuja tupu. Nakshi ilichongwa hapa Unguja, kwa kipimo cha ukuta huu wa mawe na chokaa. Huko uendako utakuwa pambo tu, haufungui kitu.

Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000. Bibi hayo hayamshughulishi. Nilipomuuliza alisema, "Uza, mjukuu wangu, ukaione dunia. Mie nitilieni ubao, paka wasiingie."

Angekataa, ningelala. Ruhusa yake ndiyo inayonikesha: anayekupa kwa mapenzi, upokee mpaka wapi? Mnunuzi anarudi Ijumaa, baada ya sala.