Ulizeni bei ya kutoa

Wanangu wa Kasongo na Kabambare, mniwie radhi. Maneno haya nimeyasema barazani, nimeyasema matangani, na leo nayarudia nikiwa nimechoka, kwa sababu naona bado mnapenda kuhifadhi bila kupiga hesabu.

Kijana ananunua mashine ya kuhifadhia faili, Synology yenye disiki mbili, anaiweka karibu na betri za sola, anaijaza picha za arusi, sauti za bibi zake, karatasi za kiwanja cha babu. Nikimwuliza habari ya moto, ananijibu: baba, disiki moja ikifa, ya pili inayo yote. Ni kweli, ikifa moja. Lakini moto huunguza zote mbili, mwizi habebi disiki moja akaacha nyingine, na faili ukiifuta kwa mkono wako inafutika kotekote papo hapo. Mwaka 2022 virusi vya DeadBolt viliingia kwenye mashine za QNAP, zinazofanana na hiyo, kupitia intaneti, vikafunga faili za watu na kudai fedha. Disiki ya pili ilifungwa pamoja na ya kwanza.

Sisi wa hapa hatungojei mgeni atufundishe hili. Mji wa Kasongo ulipotekwa na askari wa Dhanis, afisa wa Kibelgiji, Aprili 1893, vilivyokuwa majumbani vilichukuliwa. Habari za Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa, tunazozisoma leo ni zile alizoziandika Unguja, na Heinrich Brode akazichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Simtaji ili kumsifu. Wajukuu wa waliouzwa tunaishi nao nyumba kwa nyumba. Nasema tu kwamba maneno yake yalibaki kwa sababu yaliwekwa mbali na hapa. Wangapi kwetu walikimbia vitani wakarudi bila hata karatasi ya kuzaliwa?

Basi nakala moja ikae mbali, na kwa wengi mbali kwenyewe sasa ni wingu, yaani mashine za kampuni fulani Ulaya au Marekani. Hapo ndipo mnapodanganyika na bei. Mnasikia Amazon ina ghala la Glacier Deep Archive, takriban dola 1 kwa mwezi kwa terabaiti nzima, mnashangilia. Je, mmeuliza bei ya kutoa? Mtangoja saa 12 hadi 48 kabla faili haijawa tayari, na kushusha terabaiti hiyo kwa mkupuo kutawatoza dola 80 na zaidi. Backblaze B2, ghala la kampuni nyingine, tangu Oktoba 2023 ilitoza dola 6 kwa mwezi kwa terabaiti, lakini iliruhusu kushusha bure hadi mara tatu ya ulichohifadhi. Ghali mwezini, nafuu siku ya msiba. Na msichanganye B2 na ule mpango wao wa bei moja kwa kompyuta binafsi: huo hauchukui disiki za mtandao wa nyumbani.

Tena kupandisha kwenyewe! Mstari wa megabiti 1 kwa sekunde, usiokatika usiku wala mchana, unataka siku 92 kupandisha terabaiti moja. Nani kati yenu ana umeme wa siku 92? Nani ana mega za kuchezea hivyo? Najua mtanitajia Starlink, intaneti ya setilaiti iliyopewa kibali nchini Mei 2025. Nayo inataka umeme, nayo inataka malipo kila mwezi. Kwa hiyo chujeni. Filamu na mechi ziacheni zife na mashine. Pandisheni karatasi, sauti za wazee na picha zisizoweza kupigwa tena. Vikichujwa hivyo, huenda vyote vikaingia kwenye gigabaiti 100 za Google kwa dola 2 hivi kwa mwezi, au hata gigabaiti 15 za bure. Mvifunge kwanza kwa nywila, na nywila hiyo iandikwe kwenye daftari la mtu mzima wa nyumba. Akifa mwenye kuijua peke yake, faili zimezikwa naye.

Hata hivyo wingu msiliabudu. Machi 2021 jengo la mashine za kampuni ya OVH liliungua Strasbourg, na wasiokuwa na nakala mahali pengine walipoteza kila kitu. Huku kwetu, baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, serikali ilikata intaneti karibu siku 20. Wingu lilikuwapo, njia haikuwapo. Ndiyo maana nasema disiki ya tatu ipelekeni kwa shangazi aliyeko Kindu, muibadilishe kila anaposafiri mtu.

Na malipo: kampuni nyingi hukata kwenye kadi ya benki, si kwenye simu. Kadi ya shemeji aliyeko Bukavu ikiisha muda bila ninyi kuambiwa, akaunti itafungwa.

Nawaomba jambo moja kabla ya Ijumaa ijayo. Chukueni faili moja mliyoihifadhi huko winguni, irudisheni, muifungue mbele ya mama zenu. Isipofunguka, hamna nakala, anzeni upya.