Motokaa Isiyo na Moshi na Vumbi la Kasulo



Jumapili moja, baada ya mafundisho ya wakatekumeni hapa Kolwezi, kijana mmoja alibaki nyuma. Yeye ni mchimbaji; juma zima hushuka shimoni kwa sururu na tochi. Akaniuliza: “Mwalimu, nasikia kobalti yetu hutiwa katika motokaa za umeme ili hewa ya dunia iwe safi. Kama ni safi, mbona mtoto wangu anakohoa? Tena, je, kazi yangu ni njema au ni dhambi?”

Sikumjibu siku ile. Swali la namna hiyo lataka kupimwa kwa haki.

Kwanza tuseme kweli juu ya petroli. Motokaa ya petroli huchoma mafuta kila iendapo. Moshi wake huumiza mapafu ya watu wa mjini, na hewa ya kaboni iliyomo huzidisha joto la dunia. Mafuta yakisha kuchomwa hayarudi. Kesho lazima yachimbwe mengine. Na huko yanakochimbwa hakukosi machozi: katika Delta ya Niger, nchini Nijeria, mafuta yaliyomwagika yameharibu mashamba na maji ya watu kwa miaka mingi.

Motokaa ya umeme haitoi moshi barabarani. Lakini kutengeneza betri yake huchafua hewa sana. Hivyo siku inapotoka kiwandani ina deni kubwa kuliko mwenzake wa petroli. Deni hilo hulilipa kidogo kidogo katika safari zake. Umeme ukitoka katika maji, kama ule wa bwawa la Nzilo, lililojengwa katika mto wetu Lualaba miaka ya 1950, deni hulipwa upesi. Ukitoka katika makaa ya mawe, hulipwa polepole. Wataalamu wakijumlisha yote, tangu mgodini hata jalalani, kwa kawaida motokaa ya umeme huchafua hewa kidogo kuliko ile ya petroli. Hiyo ni kweli, wala haifai tuikane kwa sababu sisi tunaumia.

Walakini hesabu hiyo ni ya hewa ya dunia nzima. Haiulizi ni nani aliyelipa deni la kwanza. Karibu sehemu saba katika kumi za kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, na nyingi yake hutoka hapa Lualaba. Mwaka 2014 mtu wa mtaa wa Kasulo, hapa mjini, alichimba kwake akakuta mawe ya kobalti. Haukupita muda, mtaa ukajaa mashimo, hata chini ya sakafu za nyumba. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa Kasulo, na hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa mwingine usiochimbwa. Vumbi la nyumbani lenyewe lilikuwa na madini. Mwezi wa Juni 2019 mgodi ulibomoka karibu na Kolwezi, wachimbaji zaidi ya 30 wakafa. Na malori yanayobeba madini hayo kwenda mpakani Kasumbalesa hutuachia moshi wa dizeli njiani.

Hapo dhamiri yapaswa kusema. Kanisa latufundisha kwamba tendo huwa jema likiwa jema lenyewe, na kusudi lake, na mambo yanayolizunguka; kusudi jema halitakasi njia mbaya. Kuponya hewa ni kusudi jema. Kumwacha mtoto avute vumbi la sumu ili gharama ipungue ni njia mbaya. Wako wasemao: “Madhara hayo hayakukusudiwa.” Naam, madhara yasiyokusudiwa huweza kuvumiliwa yasipozuilika, na faida ikiyazidi. Lakini shimo laweza kuegemezwa kwa magogo, barabara yaweza kumwagiwa maji, ghala la mawe laweza kuwekwa mbali na nyumba. Mwenye uwezo wa kuzuia, asizuie kwa kuogopa hasara, atajitetea vipi mbele ya Mungu?

Na anayenunua motokaa ng'ambo je? Yule tajiri wa Injili hatuambiwi kwamba alimpiga Lazaro. Lazaro alilala mlangoni pake, naye akaendelea kula. Siku hizi mlango ni mrefu, wafika toka Ulaya na Uchina hata Kasulo, lakini ni mlango ule ule. Viwanda vingi sasa hutengeneza betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti. Hayo yana faida yake. Lakini mtu aliyechimbiwa mtaa wake, kisha akaachwa bila kazi wala tiba, bado anadai.

Jumapili iliyofuata nilimjibu yule kijana hivi. Kuchimba si dhambi. Mababu zetu waliyeyusha shaba ya nchi hii wakaifanya vipande vya umbo la msalaba kuwa fedha yao, kabla ya makampuni kuja. Mungu alimkabidhi mtu ardhi aitumie na kuitunza pia. Dhambi huingia kwa mtu: kwa bwana wa mgodi anayeficha hatari, kwa mnunuzi mwenye mizani ya uongo, kwa mkubwa anayepokea rushwa asikague, na kwa mzazi pia anayemtoa mtoto shuleni akaoshe mawe. Tuwadai wakubwa haki yetu kwa sauti moja. Na tunapowadai, tusiwanyime watoto wetu haki ile tuliyo nayo mikononi.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwalimu, magunia ya mawe nayaweka chumbani tunamolala, yasiibwe.”

Jioni ile tuliyatoa pamoja, mkewe akapiga maji sakafu. Hayo yalikuwa katika uwezo wetu. Yaliyo katika uwezo wa wakubwa bado tunayangoja.